Ukurasa Mmoja Bila Chumvi

4 Februari

Mpwa wangu Pilipili,

Barua hii uipokee kwa mikono miwili, maana imetoka kwa mwandishi anayesomwa kuliko mwandishi mwingine yeyote wa mji huu. Usicheke, hesabu mwenyewe. Nani kaandika HAPANA NJIA pale nyuma ya karakana? Nani kaandika USIKOJOE HAPA kwenye ukuta wa ghala, herufi za futi moja moja, hata mtu aliyebanwa husimama kwanza akasoma? Ni mjomba wako. Vitabu watu hununua wakavifungia kabatini. Mimi nasomwa na anayetaka na asiyetaka.

Baada ya hayo, hujambo? Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako anakusalimu, goti lake limetulia. Dada yangu, yaani mama yako, nilimwona juzi. Kanenepa, usimwambie nimesema. Wodi yako vipi? Bado wanakupanga zamu za kuunga?

Sasa kaa chini kwanza. Nimeingia chuo.

Ndiyo, mimi huyu, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walishamaliza vyote vya kunifundisha. Msimamizi wa karakana yetu ya mabango anastaafu mwisho wa mwaka, na wakubwa wametangaza kwamba kiti chake hakikaliwi na mtu asiye na cheti. Miaka ishirini na miwili nimeshika brashi, halafu kiti apewe bwana mmoja anayekata herufi kwa kompyuta na hajui hata kijani hupatikana kwa kuchanganya nini na nini? Nikasema haiwezekani nikiwa hai. Chuo cha ufundi kimefungua masomo ya alasiri kwa watu wazima. Somo la kwanza, ambalo usipolifaulu safari yako imeishia mlangoni, ni insha.

Insha, mpwa wangu. Nilicheka mpaka karani wa kuandikisha akainua kalamu akaningoja. Kunipa mimi mtihani wa maneno ni kumpa bata mtihani wa kuogelea.

Mwalimu wetu ni mwanamke mwembamba wa umri kama wako, sauti yake ndogo, kalamu yake nyekundu. Siku ya kwanza nilipoingia, darasa zima lilisimama. Akatuambia tuandike jambo lililotutokea. Nikampa kurasa tisa, jinsi nilivyochora bango la darajani nikiwa nimening'inia kwa mkono mmoja, mto umefurika chini yangu, na mamba wawili wameachama wakisoma kila herufi ninayoimaliza. Mwalimu aliposoma machozi yalimtoka. Akasema tangu aanze kufundisha hajawahi kuona kitu kama kile.

Ametuagiza pia kila mmoja amwandikie mtu barua muhula mzima, kwa karatasi na wino, ili mkono uzoee. Simu haihesabiki. Nimekuchagua wewe. Una bahati.

Mjomba wako,
Mwanachuo


17 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua yako imefika na alama ya kidole gumba cha bluu juu ya stempu, nikakujua kabla sijaifungua. Mimi sijambo. Wodi ya wazazi imejaa, juzi tumewalaza mama wawili kitanda kimoja, huyu kichwa huku na yule kichwa kule, na wameelewana kuliko mtu na dada yake. Mkaza mjomba mwambie goti kutulia siyo kupona, ngazi azidi kuziogopa.

Habari ya chuo imenifurahisha kweli. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja.

Lakini, Mjomba, nikuulize kama mtu mzima kwa mtu mzima. Yale machozi ya mwalimu yalikuwa ya kulia au ya kucheka? Na alikupa alama ngapi? Mamba umewataja, daraja umelitaja, darasa lililosimama umelitaja. Alama hukugusa. Sisi huku mgonjwa akitusimulia sana habari za kichwa, tunambonyeza tumbo.

Mto ule wa darajani nimeuvuka tangu utoto wangu. Kuku huuvuka kwa mguu.

Nijibu mapema.

Mpwa wako,
Pilipili


3 Machi

Pilipili mpwa wangu,

Salamu zako nimezigawa kwa haki. Mkaza mjomba wako amekubali habari ya ngazi, sasa mimi ndiye ninayetumwa juu. Mama yako amenunua cherehani ya pili na amekuwa na maringo kama kanunua gari.

Umenibonyeza tumbo, nami nakohoa. Alama nne. Kati ya ishirini. Usisahau kwamba nne yangu ni nzito kuliko nne ya mtu mwingine. Pembeni mwa kila ukurasa mwalimu aliandika neno moja kwa wino mwekundu: chumvi. Chumvi hapa, chumvi pale, nimehesabu kumi na moja. Mwanzo nilidhani anaisifu ladha. Baada ya kipindi akaniita, akaniuliza kwa kile kisauti chake: mamba wa kushoto alikuwa na jino gani limevunjika? Nikamwambia sikumbuki. Akasema basi hukumwona. Nikamwambia, mwalimu, mtu aliyening'inia hana nafasi ya kuhesabu meno. Akasema aliyening'inia kweli angekumbuka kamba ilivyomkata kiganja, na wewe kamba hukuiandika kabisa.

Nikakiangalia kiganja changu.

Ngoja sasa nikwambie jambo lililonipanda kichwani kama homa. Alitupa zoezi: kaa mahali pamoja nusu saa, andika unachokiona na kukisikia tu, usiseme kizuri wala kibaya. Nikakaa uani, mkaza mjomba wako anafua. Nikaona ni kazi ya watoto. Mpwa wangu, miaka ishirini na sita nimeishi na mwanamke huyu, sikujua kwamba akifua shati langu huanza na kola. Huishika kola, huinua kwenye mwanga, huchungulia rangi gani imegoma kutoka, kisha huitemea neno. Kila rangi ina neno lake. Bluu huiambia "wewe tena." Nyekundu haiambii kitu, hutikisa kichwa tu. Nimevaa mashati hayo maisha yangu yote wala sikujua yanasemeshwa.

Nikayaandika hivyo hivyo. Kumi na nne. Kati ya ishirini. Hakuna chumvi hata moja pembeni. Chini kaandika: "Hapa nimeona." Nimetembea na karatasi hiyo mfuko wa shati siku nne. Karakana nzima wameisoma, hata mlinzi wa geti ambaye hakuomba. Sasa silali, siyo kwa mawazo, kwa hamu. Nikipita njiani najikuta nasimama: fundi viatu kashika misumari kwa midomo na bado anabishana na mteja, maneno yanapita katikati ya misumari hata mmoja haudondoki. Vitu hivi vilikuwa vinafanyika siku zote? Mbona hakuna mtu aliyeniambia?

Shida ni moja. Insha ya mwisho, ile inayoamua kama nitabaki au nitaondoka, ni ukurasa mmoja: "Kosa nililolifanya mwenyewe." Itolewe kabla ya mwisho wa Mei. Nimeyapekua maisha yangu yote, kosa sijaliona. Nafikiria kuazima la jirani.

Mjomba wako wa alama kumi na nne


14 Machi

Mjomba wangu, shikamoo, na hongera ya kumi na nne.

Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama. Tumepata pacha juzi, mama yao alikataa kuamini yule wa pili, akasema tumekosea kuhesabu.

Nimesoma habari za kola. Sitasema mengi. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje kidogo kabla ya kurudi wodini.

Sasa kuhusu kosa. La jirani liache. Lako ninalo. Mama aliwahi kunisimulia, nikiwa darasa la tano, habari za duka la vitabu lililofunguliwa karibu na kituo cha mabasi. Mwenye duka alitaka bango la kufungulia: KALAMU NA VITABU, KARIBUNI NYOTE. Wewe ukachora KARAMU NA VITABU, KARIBUNI NYOTE. Herufi moja tu, Mjomba. Mama anasema kufika saa nne asubuhi mtaa mzima ulikuwa mlangoni na sahani.

Alinisimulia mara moja tu, kwa kunong'ona, akanionya nisilitaje mbele yako. Miaka yote sijalitaja. Leo nalitaja kwa sababu mwalimu wako anakuomba ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe huo hapo. Sisi wauguzi tuna msemo wa wahenga tunaoupenda: mficha maradhi, kifo humfichua.

Usinikasirikie.

Pilipili


22 Machi

Kwa mpwa wangu,

Salamu zote kama kawaida. Sote wazima.

Bango unalolisema silikumbuki. Nimechora mabango zaidi ya elfu saba na nikiulizwa la tatu mpaka la mwisho naweza kuyataja kwa mpangilio, hilo halimo. Mama yako tangu utoto ana ulimi wa kengele. Na hata kama lilikuwepo, sikusema lilikuwepo, mteja ndiye huandika maneno kwenye karatasi na fundi hufuata karatasi. Fundi hasahihishi mteja. Laumu karatasi.

Insha nimeshaipata. Nitaandika jinsi nilivyokosea kumpiga bingwa wa ngumi kwa mkono wa kushoto wakati nilikusudia kumsalimu. Ni kosa, na ni langu.

Kazi ni nyingi, sitaandika kwa muda.

Mjomba wako


12 Mei

Mjomba wangu, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Wiki saba. Mimi sijambo, na kama umenikasirikia bado ni mpwa wako, hilo halifutiki kwa mafuta ya taa.

Nilimpigia mkaza mjomba. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana. Ameniambia ile insha ya bingwa wa ngumi imerudishwa bila alama. Ameniambia mwalimu kakupa mpaka tarehe ishirini na tisa, basi. Ameniambia pia kwamba unatoka karakana, unakaa uani na karatasi, unaandika, unachana, na kwamba umeanza kufua makola yako mwenyewe ili asiyaone.

Nami nina langu la kukiri, tuwe sawa. Barua zako huwa nazisoma kwa sauti. Tuko saba kwenye zamu yangu, tunakunywa chai chumba cha nguo safi, na mimi nasoma. Mama mmoja aliyejifungua ametuomba tusimruhusu kabla barua inayofuata haijafika. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungeanza kutuandikia sisi sote badala ya kuniandikia mimi.

Lakini sikiliza. Mamba waliwachekesha, wakacheka, wakasahau. Ile ya kola muuguzi mkuu aliniomba karatasi yenyewe akaisoma peke yake karibu na dirisha. Mwanamke yule hatujawahi kumwona ameketi. Kesho yake akatuambia, kama mtu anayetoa taarifa ya zamu, kwamba mume wake akifunga viatu huanza na cha kushoto na hufunga macho. Miaka kumi na tisa, alisema. Kisha akatuuliza mbona tumesimama, hakuna kazi?

Maneno yako ndiyo yaliyofanya hivyo, ukurasa mmoja tu.

Kuhusu lile bango sitasema tena. Unajua mwenyewe kama unalikumbuka.

Nakungoja.

Pilipili


30 Mei

Pilipili,

Hatujambo. Goti la mkaza mjomba wako limerudia, lakini anasema ni baridi. Makola nimemrudishia, amesema nilikuwa nayaua. Mama yako nilikwenda kumwona Jumapili kwa ajili ya jambo hili hili. Nilimuuliza anakumbuka nini. Aliacha kushona, akasema, "Kaka, nilidhani utakufa hujaniuliza."

Karatasi haikuwepo. Anza na hapo. Mwenye duka hakuniandikia kitu, alinitajia kwa mdomo, tukiwa tumesimama barabarani na magari yanapita. Na hata yasingepita. Masikioni mwangu kalamu na karamu ni mtu mmoja, zamani na leo. R na L kwangu ni kama wale pacha wako, nakubali wapo wawili kwa sababu nimeambiwa. Ndiyo maana miaka yote hudai karatasi kwa mteja, nikijifanya ni utaratibu wa karakana. Siku ile niliona haya kuidai, maana mwenye duka alikuwa mtu wa vitabu, nikaogopa ataona kwamba naihitaji.

Nikayaandika hayo. Nikaandika bango lilivyotundikwa jioni, rangi ya njano juu ya bluu, herufi zimesimama kama askari. Nikaandika asubuhi yake, kina mama na masufuria kabisa, mzee mmoja kavaa koti la harusi, na mwenye duka kasimama mlangoni na boksi la kalamu, hajui acheke au afunge mlango. Alimpa yule mzee kalamu moja. Mzee akaigeuza pande zote akitafuta inafunguliwa wapi. Nikaandika mwenye duka hakuja kunidai wala kunitukana, alipanda kwenye kiti akaifuta R mwenyewe, akachora L iliyopinda, ikabaki imepinda mpaka duka lilipohama. Nilipokuwa napita pale nilikuwa nageuza uso upande wa pili, nikisema jua linaniumiza.

Hizo zilikuwa karatasi za mara ya sita. Nyingine tano zilichanika.

Jana, siku ya mwisho, nikampelekea mwalimu. Aliusoma ukurasa mimi nimesimama. Hakuandika chumvi. Nikavuta pumzi. Kisha akaweka kidole pale mstari wa mwisho, akasema, "Hapa pameziba. Wote umewaandika. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nyumbani.

Hakubishana. Aliusogeza ukurasa upande wangu wa meza, akaweka kalamu juu yake, akasema bado dakika arobaini, yeye ana daftari za kusahihisha. Akainama na kuanza kusahihisha. Mpwa wangu, niliitazama kalamu ile kama dakika thelathini. Nikasikia mfagizi anaburuta madawati darasa la jirani, moja moja, mguu mmoja wa kila dawati unalia. Nikajua nikiondoka hapo na ukurasa ulivyo, nitapita au nitashindwa, lakini mwalimu yule ameshaniona, na mimi nimeshajiona. Nikaongeza mistari miwili.

Alipoisoma aliweka kiganja mdomoni, mabega yakamtikisika. Safari hii najua machozi yalikuwa ya nini na sikuumia hata kidogo. Nilitamani asome tena. Kumi na sita, Pilipili. Kumi na sita kati ya ishirini, na mwezi wa saba naanza ngazi ya pili. Nimetoka pale nikitembea kama mtu aliyepunguzwa mzigo ambao alikuwa anauita kifua. Kiti cha msimamizi sijui kama nitakipata. Yule bwana wa kompyuta naye amejiandikisha, nimemwonyesha darasa lilipo. Lakini kuanzia leo mteja akija, namwambia wazi: niandikie, herufi mbili hunishinda. Wa kwanza nimemwambia leo asubuhi. Akasema hata yeye zinamshinda, tukamwita mlinzi wa geti.

Wenzako wa chumba cha nguo safi wasalimie wote, na muuguzi mkuu mpe salamu yake peke yake. Barua hii wasomee mpaka mstari huu. Yanayofuata, yale ya ile mistari miwili, ni yako.

Mama yako hajui, maana alifika saa nne na mimi nilishaondoka. Mkaza mjomba wako hajui, alikuwa safari. Asubuhi ile jirani aligonga dirisha akaniambia kwenye lile duka jipya kuna karamu, imeandikwa kabisa, karibuni nyote. Sikuuliza imeandikwa na nani. Nilichukua sahani kubwa, nikawahi, nikawa wa saba kwenye foleni, nikalisoma bango langu mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, nikamgeukia aliyekuwa nyuma yangu nikamwambia watu hawa ni waungwana, na kijiko nimesahau.

Mjomba wako